Gari ya zamani ambayo haijaguswa: namna ya kuiandaa na kuifikisha mbele ya majaji wa uorijino

Kuna kitu kinaharibu haya magari kuliko kutu, nacho ni mikono yetu wenyewe wiki ya mwisho kabla ya maonyesho. Mtu amekaa na gari ya 1967 miaka yote hiyo, rangi ya kiwandani, kapeti ya kiwandani, hata screw za dashibodi hazijawahi kufunguliwa, halafu akisikia tu majaji wanakuja anakodi mashine ya presha na dawa ya kukata grisi, anaosha chini mpaka chuma kinang'aa. Hapo ameshaua. Alichokiosha ndo kile majaji walikuwa wanakitafuta: alama za chaki za mafundi wa kiwandani, vidoa vya rangi ambavyo mkaguzi alivipaka juu ya bolti kuonesha imekazwa, kikaratasi cha namba kilichobandikwa kwenye springi. Stikaa za kuiga zinauzwa, ndio, ila majaji wanazijua kwa kutupia jicho tu.

Naandika zaidi kwa wenzangu tulioko Marekani ambao mmeingia kwenye haya mambo, iwe umenunua mwenyewe, iwe kuna mzee mtaani kwako kakuamini na funguo za gari yake, kwa sababu huku ndiko mashindano ya uorijino yalikokomaa. Mfano wangu wote ni Chevrolet Corvette ya 1967, maana vitabu vyake vya kuhukumia vimeandikwa kwa undani hadi rangi ya nati. Kama una Mustang, Land Rover Series au Peugeot 404 njia ni ileile, namba tu ndo zinabadilika. Na waliowahi kufika Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, wanajua gari inavyong'arishwa juu na chini siku ile, ni kazi ya heshima kabisa, lakini huo ni mchezo mwingine na ukiuleta huku kwenye uorijino utaumia.

Hatua ya 1: Jua unaenda kuhukumiwa kwa lipi

Hapa wengi wanakosea kabla hata hawajaanza. Kwa Corvette kuna milango mitatu ya kawaida na kila mmoja una macho yake.

Wa kwanza ni NCRS, chama cha wenye Corvette kilichoanzishwa 1974. Mashindano yao ya kawaida yanailinganisha gari yako na jinsi ilivyotoka kiwandani, na kwa 1967 kiwanda ni kimoja tu, St. Louis, Missouri. Ukifikisha 94% unapata Top Flight, ndo daraja la juu. Sasa sikiliza vizuri: kila kifaa kina pointi za uorijino na pointi za hali yake, kwa hiyo gari iliyofanyiwa ristoresheni (kurudishwa upya kama ilivyokuwa) na fundi mzuri inaweza kabisa kuipita gari yako isiyoguswa, kwa sababu kapeti yako ya kweli imefifia na yao mpya haijafifia. Ukienda bila kujua hilo utarudi nyumbani na hasira. Kwa ajili ya magari yasiyoguswa NCRS wana tuzo yao nyingine inaitwa Bowtie, humo wanatazama kila sehemu peke yake, nje, ndani, injini, chesi, kama bado ni ya kiwandani na kama imetunzika kiasi cha mtu kuja kujifunza kwayo.

Wa pili ni Bloomington Gold, ambao walianzia Bloomington, Illinois, mwaka 1973. Cheti chao cha Survivor kinataka zaidi ya nusu ya gari iwe haijaguswa wala kubadilishwa, iwe kwenye hali ya kutosha kutumika kama mfano wa kurudishia gari nyingine ya aina hiyo, na iendeshwe barabarani. Gari ya kubebwa kwenye trela na kusukumwa haina nafasi hapo.

Wa tatu ni AACA, chama kikongwe cha tangu 1935, wanaochukua magari ya aina zote, na mkutano wao mkubwa ni ule wa Hershey, Pennsylvania, kila Oktoba. Daraja lao la magari ya asili linaitwa HPOF. Humo hupambanishwi na gari ya jirani, gari inatazamwa yenyewe kama imebaki na asili yake.

Ushauri wangu, kama ni mara ya kwanza, anza na mashindano ya NCRS ya ngazi ya chini, yale ya tawi la jimbo lako. Utapoteza pointi za hali, sawa, ila utatoka na makaratasi yanayokwambia kifaa kwa kifaa kipi ni cha kweli na kipi sicho, na hiyo elimu huwezi kuinunua popote. Baada ya hapo ndo unapeleka kwenye Bowtie au Survivor ukiwa unajua unachokipeleka.

Hatua ya 2: Mikono mfukoni, kamera mkononi

Kabla ya kitambaa chochote kugusa gari piga picha kila kitu, na simaanishi zile picha za kupendeza za ubavuni. Nyanyua gari kwenye stendi imara, ingia chini na taa, piga kila bolti, kila bomba la breki, kila waya unapopita na kibanio chake, vumbi na matope yakiwa vilevile. Fungua boneti piga kila kona, tumia kioo kidogo cha mkono kwa sehemu ambazo jicho halifiki. Hizi picha zina kazi mbili, moja ni ushahidi kwamba hukupachika kitu juzi, nyingine ni kwamba ukija kufungua kitu kwa sababu ya usalama utajua kilikuwa kimekaaje, maana hata waya uliopita juu ya bomba badala ya chini jaji anaukata pointi.

Hatua ya 3: Kusanya makaratasi

Faili la gari ni kama kadi ya kliniki ya mtoto, bila hilo kila mtu anabahatisha. Tafuta kitabu cha waranti, ndani yake kuna kibati kidogo cha chuma kinachoitwa Protect-O-Plate, GM, wenye Chevrolet, walikitoa kati ya 1965 na 1972, kimegongwa namba ya gari, msimbo wa injini, gia boksi na difu. Kama bado kipo na kinakubaliana na gari una mali. Tafuta risiti za dila, yaani duka lililouza gari ikiwa mpya, risiti za sevisi, kadi za zamani za umiliki, hata picha za familia ya mwenye gari wa kwanza gari ikiwa imepaki nyumbani. Mpigie mjane, mpigie mtoto wa marehemu, waulize kwa adabu, watu wana maboksi kwenye dari hawajui kuna nini ndani.

NCRS pia wanatoa ripoti ya kulipia inayoonesha gari yako ilitumwa kwa dila gani ilipotoka kiwandani. Iagize mapema. Kama ripoti inasema ilienda kwa dila fulani na wewe una risiti ya dila huyohuyo, stori ya gari imesimama.

Halafu kuna ile karatasi ambayo watu wa Corvette wanaisaka kama dhahabu. Kuanzia 1967 kiwanda kilikuwa kinabandika nakala ya oda ya gari juu kabisa ya tanki la mafuta, inaonesha kila opsheni iliyofungwa. Haionekani bila kulishusha tanki au angalau kuingiza kamera ndogo yenye taa. Mara nyingi panya wameitafuna au unyevu umeigeuza uji. Kama unahisi ipo usiivute, usiibandue, karatasi ya miaka hiyo ikishagandana na gundi inapasuka kama ganda la kitunguu. Piga picha kwanza hapohapo ilipo, na kama tanki lina sababu ya kushuka lishushwe na mtu mwenye subira.

Hatua ya 4: Soma namba, moja baada ya nyingine

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo penye wizi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza na namba ya gari. Kwenye Corvette ya 1967 kibati chake kipo ndani, kwenye chuma kinachopita chini ya boksi la glavu. Inasomeka hivi: 194 ni Corvette, 37 ni yenye paa na 67 ni ya kufunguka, 7 ni mwaka, S ni St. Louis, halafu namba ya mfululizo inayoanzia 100001. Mwaka ule yalitoka magari 22,940, kwa hiyo mfululizo unaishia 122940 na ukiona namba iliyopita hapo ondoka taratibu. Jirani yake kuna kibati cha pili cha rangi na siti, 974 ni Rally Red, 976 ni Marina Blue, 983 ni Goodwood Green. Gari ikiwa nyekundu na kibati kinasema 976, basi ilishapigwa rangi nyingine, hata kama muuzaji ana machozi machoni. Kwenye kibati hicho pia kuna tarehe ya bodi, herufi na namba, ila herufi inahesabiwa kuanzia mwezi wa kwanza wa msimu wa uzalishaji, ulioanza mwaka uliotangulia, sio Januari.

Kisha injini. Chukua taa, simama upande wa kulia wa gari, tazama mbele ya silinda hedi ya upande huo. Utaona kijukwaa kidogo cha bapa kilichochongwa, upana wa vidole viwili hivi. Hapo pamegongwa makundi mawili ya namba. Mfano V0215HE: V ni kiwanda cha injini cha Flint, 0215 ni Februari 15, HE ni injini ya inchi za ujazo 327, nguvu za farasi 300, yenye gia za mkono. Kundi la pili ni sehemu ya namba ya gari yenyewe, 7 na ule mfululizo. Ukiona herufi ya kwanza ni T ujue injini ilitoka Tonawanda, New York, ndiko zilikotoka zile kubwa za 427.

Sasa usiishie kusoma namba, tazama chuma chenyewe. Mashine ya kiwandani ilipochonga kile kijukwaa iliacha mistari myembamba sana imenyooka kutoka mbele kwenda nyuma, unaiona ukilaza taa pembeni. Injini ikiwahi kusagwa juu kwa ajili ya matengenezo ile mistari inafutika pamoja na namba, na wajanja wanagonga namba upya kwenye chuma kilicholainika au chenye mistari ya kuzunguka. Majaji waliokaa na haya magari wanakitazama kijukwaa hiki muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo wewe kazi yako ni kukifuta na kitambaa laini chenye mafuta kidogo, basi. Msasa ni marufuku. Brashi ya waya ni marufuku. Mtu akikwambia "nipishe nikisafishe vizuri namba zisomeke" mnyang'anye brashi.

Nyuma ya bloku, yaani mwili wa injini, upande huohuo wa kulia kuna tarehe ya siku bloku ilipomiminwa, herufi ya mwezi, siku na tarakimu ya mwisho ya mwaka. B 3 7 ni Februari 3, 1967. Ukishaipata panga mtiririko: chuma kimemiminwa Februari 3, injini imefungwa Februari 15, gari imeunganishwa baada ya hapo, mwishoni mwa Februari au Machi. Hiyo inaeleweka. Ila bloku ikiwa imemiminwa baada ya gari kutoka kiwandani hakuna maelezo yatakayookoa, na ikiwa kuukuu mno nayo inatia shaka, kipimo kinachotumika ni kwamba tarehe ya kifaa iwe ndani ya miezi 6 kabla ya gari kuunganishwa.

Rudia hivyohivyo kwa kila kifaa chenye tarehe. Alteneta ya Delco-Remy imegongwa mwaka, herufi ya mwezi na siku. Kabureta ya Holley ina tarakimu tatu, mwaka, mwezi, wiki. Vioo vina herufi mbili pembeni ya nembo ya LOF, ya mwezi na ya mwaka, na miezi yao haifuati alfabeti, N ni Januari, X ni Februari. Taa za mbele za kweli zina kipembetatu katikati ya lenzi chenye maandishi T-3. Chesi nayo imegongwa namba ya gari, upande wa kushoto karibu na tairi la nyuma, juu ya chuma ambako bodi inapaficha, na ukifika hapo kioo cha mkono ndo rafiki yako. Andika yote kwenye daftari, kifaa, namba, tarehe, picha.

Hatua ya 5: Rangi na bodi

Bodi ya Corvette ni faiba, kwa hiyo kile kipimo cha unene wa rangi cha sumaku ambacho watu wanatembea nacho kwenye yadi za magari hakisomi kitu, kinahitajika cha mawimbi ya sauti. Kama huna usijali, macho yanatosha sana ukijua pa kutazama.

Rangi ya kiwandani ya wakati ule ni laka ya akriliki, haina klia (ile tabaka angavu isiyo na rangi) juu. Chagua sehemu iliyojificha, weka polishi kidogo mno kwenye kitambaa cheupe, sugua mara moja. Kitambaa kikichukua rangi ya gari ni dalili njema, kikibaki cheupe kuna klia ya kisasa juu. Usirudie mara ya pili, ile rangi ni nyembamba na pembeni mwa mistari ya bodi huenda tayari imeisha inaonesha praima. Tazama kwenye fremu za milango: kiwandani walikuwa wanapiga polishi nje tu, humo ndani wanaacha, kwa hiyo kukiwa na ung'avu uleule wa nje mtu alipita na bunduki ya rangi baadaye. Nyufa ndogondogo kama za udongo mkavu ni kawaida ya laka iliyozeeka, ziache.

Kujua kama iliwahi kugongwa ingia kwenye matao ya matairi na taa. Paneli za kiwandani zilikandamizwa kwenye mold, ndani zake ni laini, na mahali paneli mbili zinapokutana kuna utepe wa faiba uliogundishwa kwa nyuma. Ukikuta utepe umekosekana, au ndani kuna nyuzinyuzi mbaya zinazochoma vidole, huo ni mkono wa gereji.

Na jambo moja ambalo wageni wanalishangaa: kazi mbaya ya kiwandani ni kazi sahihi. Rangi iliyochuruzika mahali pasipoonekana, mwanya wa mlango usiolingana, gundi iliyomwagika chini ya dashibodi, ikiwa St. Louis walikuwa wanatoa hivyo basi ndo hivyo. Nimeona watu wanazinyoosha hizo kasoro kwa upendo kabisa na kuiharibia gari.

Hatua ya 6: Andika kilichobadilishwa

Betri, mikanda, hozi, filta, plagi, matairi, hakuna anayetegemea viwe vya 1967. Lakini kama radieta ilibadilishwa, kama siti moja ilishonwa, kama fenda ya kushoto ilirudiwa rangi, andika na uweke kwenye faili lenye risiti. Majaji ni watu wazima wameona magari mengi, kitu wasichokisamehe ni kufichwa, ukiwaambia mapema mnakuwa upande mmoja. Na kama una kifaa cha zamani kilichotolewa kikawekwa kwenye boksi njoo nacho.

Hatua ya 7: Kusafisha bila kufuta

Nje: maji ya kawaida, sabuni laini ya gari, kitambaa cha pamba, nta kidogo. Ndani: vakyumu yenye brashi laini, kitambaa kilicholowa kidogo kwa vinaili, hakuna ile dawa ya kung'arisha dashibodi inayoacha kila kitu kinateleza na kunuka ndimu.

Chini na kwenye injini ndo penye mtihani. Tumia brashi ya kupakia rangi, ile laini ya nywele, kavu, kuondoa vumbi na majani. Matope yaliyoganda yalowanishe taratibu na maji kidogo uyatoe na kijiti cha mti, na kabla ya kutoa kila bonge jiulize kuna nini nyuma yake. Kwenye ukuta wa moto nyuma ya injini na kwenye chesi kunaweza kuwa na maandishi ya kalamu ya nta, namba kubwa iliyochorwa haraka na mtu aliyekuwa na gari nyingine nyuma yake kwenye laini. Kwenye ubavu wa chesi kunaweza kuwa na namba ya kifaa iliyopigwa kwa stensili ya rangi nyeupe. Kwenye boksi la stelingi na difu kuna vidoa vya rangi. Mzee mmoja alikuwa na namba ya kalamu ya nta kwenye ukuta wa moto, nzuri kabisa, akaifuta na spiriti akidhani ni uchafu wa fundi wa kijiji, na ilikuwa imekaa pale tangu siku gari inazaliwa. Ukipata kitu cha namna hiyo kiache na uchafu unaokizunguka, jaji atauthamini huo uchafu.

Kutu ya juujuu kwenye chuma kisichopakwa rangi kiwandani ni kawaida, iache ikae. Kutu inayokula chesi au ile fremu ya chuma iliyojificha kuzunguka kioo cha mbele ni habari nyingine, hiyo ni usalama, itibu hata kama utapoteza pointi.

Hatua ya 8: Ifanye kazi

Kuna kipengele cha uendeshaji na watu wanakidharau. Jaji atakuomba uwashe gari ikiwa baridi, atatazama geji, honi, waipa, redio, hita, taa zote, hendibreki, na zile taa za mbele zinazojigeuza kwa mota. Kizungumkuti cha Corvette za enzi hizo ni saa ya dashibodi, karibu zote zimekufa, kwa sababu ndani ni saa ya springi inayojijaza kwa umeme na pointi zake zinaungua. Kama unaweza mpelekee fundi wa saa atengeneze mashine ileile.

Matairi: saizi ya kiwandani ni 7.75-15 ya nyuzi za mshazari. Usithubutu kuiendesha barabara kuu na matairi ya miaka hiyo hata kama yanaonekana mazima, mpira umeshakufa ndani. Safiri na matairi mapya, ya asili yafunge ukifika. Spea tairi ichunguze kwa utulivu, iko kwenye beseni lake chini nyuma, na mara nyingine ndo tairi pekee la kweli lililobaki kwa sababu halikuwahi kugusa lami, bado lina vile vinywele vya mpira. NCRS wanatoa pointi za ziada kwa anayekuja akiendesha, kwa hiyo kama gari ni salama endesha.

Siku yenyewe

Fika mapema, zimamoto dogo liwekwe mahali linaonekana, faili liwe tayari. Kwenye NCRS watakuja majaji wawiliwawili, kila timu na sehemu yake: uendeshaji, ndani, nje, injini, chesi. Kaa karibu na gari, wewe ndo unafungua milango na boneti wakiomba, wao hawagusi hovyo. Jibu ulichoulizwa. Usiwafuate nyuma ukieleza thamani ya gari wala bei uliyokataa.

Ukitaka kujua wanavyokata, kila kifaa kinapimwa kwa mambo matano: kipo kamili, kina umbo sahihi, tarehe sahihi, kimefungwa inavyotakiwa, na umaliziaji wake ni wa kiwandani. Kila moja ni 20% ya pointi za uorijino. Kwa hiyo alteneta ya aina sahihi, imefungwa vizuri, ila tarehe yake ni ya 1969, inapoteza ile sehemu ya tarehe peke yake. Kujua hesabu hii kunakupunguzia presha sana, maana utaona kitu kimoja kibovu hakikuzamishi.

Ukiona wamekosea sema kwa heshima na toa ushahidi, picha au ukurasa wa kitabu chao wenyewe, wanausikiliza. Na uelewe pia kwamba wanahukumu kama kitu kinafanana na cha kiwandani, tuzo yao haithibitishi kisheria kwamba injini ni ile iliyozaliwa na gari. Ukija kununua gari yenye Top Flight bado shuka mwenyewe ukatazame kile kijukwaa.

Baada ya kuhukumiwa

Utapewa makaratasi yenye kila pointi iliyokatwa. Yasome jioni hiyohiyo wakati majaji bado wapo, nenda kawaulize wakiwa na kahawa mkononi, wengi wanapenda kufundisha na watarudi nawe kwenye gari na taa.

Halafu gawanya makato kwenye makundi mawili. Kundi la kwanza ni vitu visivyo sahihi: kibanio cha hozi cha kisasa, alteneta ya mwaka mwingine, kifuniko cha radieta cha dukani. Hivyo tafuta vya kweli taratibu, kwenye masoko ya vifaa vya zamani kama lile la Hershey, na ukishabadilisha hifadhi ulichokitoa. Kundi la pili ni vitu vya kweli vilivyochoka: kapeti iliyofifia, kromu yenye madoa, siti yenye ufa. Hivi usiguse. Utasikia watu wanakwambia kapeti mpya itakupa pointi kadhaa, na ni kweli itakupa, lakini utakuwa umetoa kapeti ambayo mtu wa St. Louis aliifunga kiwandani na kuweka ambayo mtu yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kuiagiza, na milango ya Bowtie na Survivor kwa sehemu ya ndani unaifunga mwenyewe.

Makaratasi yakishasomwa yaweke kwenye faili pamoja na picha za hatua ya 2, andika tarehe, tawi na idadi ya maili kwenye odomita, kisha omba fomu ya mashindano ya kanda mapema maana nafasi za kuhukumiwa huwa na kikomo.